Kiatu Hupimwa Mlimani: Mhadhara kwa Wakimbiaji wa Nyarusange

Tarehe 12 Septemba 2021, Mwethiopia Derara Hurisa alikata utepe wa marathoni ya Vienna kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 22. Alishangiliwa, akapigwa picha, kisha muda mfupi baadaye akaambiwa kwamba hakushinda. Kilichomponza ni soli. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinaruhusu soli isiyozidi milimita 40 kwa mbio za barabarani, na ya kwake ilikuwa na 50. Kwenye fomu alikuwa ameandika kiatu kingine. Siku ya mbio akaingia na hicho cha milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat, aliyefika sekunde 3 nyuma yake.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa michezo, wazazi, na ninyi vijana mliokaa nyuma na vumbi la asubuhi bado miguuni: sijamtaja Hurisa ili tumcheke. Mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa kasi ile anajua kazi yake kuliko wengi wetu humu ndani. Nimemtaja kwa sababu mkimbiaji wa mashindano hutafuta kocha, hutafuta chakula, hutafuta nauli ya kwenda Bujumbura wakati mafuta hayapatikani, halafu kiatu anakivaa tu. Kimeletwa na mjomba, kimepatikana mnadani, kimeachwa na mgeni. Ninalotaka kusema leo ni moja: hakuna kiatu kizuri cha kukimbilia mpaka kijaribiwe na mguu utakaokivaa, kwenye ardhi ambako mguu huo unakimbia. Na hapa kwetu Burundi ardhi hiyo ni milima.

Najua mtaniambia kwamba Vénuste Niyongabo hakuhitaji mihadhara ya viatu. Ni kweli, na kisa chake kinastahili kurudiwa kila watoto wanapokusanyika. Mwaka 1996 ndipo Burundi ilipoingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Niyongabo, mtoto wa Vugizo kule Makamba, alikuwa hodari wa mita 1500. Nafasi yake katika mbio hizo alimwachia mwenzake aliyemzidi umri, Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amekosa Michezo iliyotangulia kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Yeye mwenyewe akaingia mita 5000, umbali ambao bado alikuwa mgeni nao, akatwaa dhahabu kwa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96. Njumu za enzi hizo zilikuwa na soli nyembamba na misumari mbele, basi. Hazikuwa na bamba la kaboni ndani ya soli wala sponji ya kumrusha mtu.

Lakini Niyongabo hakuwa akishindana na watu wenye bamba la kaboni. Ninyi mnashindana nao. Rekodi ya dunia ya mita 5000 aliyoiweka Kenenisa Bekele mwaka 2004, dakika 12 sekunde 37 na nukta 35, ilikaa miaka 16. Agosti 2020 Joshua Cheptegei wa Uganda akaishusha hadi 12:35.36 pale Monaco, akiwa na njumu za aina mpya na taa za kumwongozea kasi pembeni ya njia. Sekunde mbili kasoro kidogo. Ni kiasi gani kilitoka kwenye mapafu ya Cheptegei, kiasi gani kwenye taa, kiasi gani kwenye sponji? Hakuna awezaye kuzigawa sekunde hizo kwa haki, na mfanyabiashara anayedai kuzigawa anataka pesa zako.

Tuingie kidogo kwenye maabara, halafu tutoke haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipima kiatu cha kwanza cha aina hii, cha bamba na sponji mpya, kwa wakimbiaji 18, wakaona kinapunguza nguvu anazotumia mtu kwa wastani wa asilimia 4. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima, hadi ikaandikwa kwenye jina la kiatu chenyewe. Wengi waliielewa vibaya. Kuokoa asilimia 4 ya nguvu hakukufanyi uende haraka kwa asilimia 4, hasa kama tayari unakimbia kasi kubwa, maana kadiri unavyokwenda mbio ndivyo upepo unavyokudai zaidi. Halafu hiyo ni wastani tu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulichapishwa mwaka 2023. Walichukuliwa Wakenya saba wa kiwango cha dunia na Wazungu saba wanaokimbia kwa kujifurahisha, wakavishwa viatu vya kisasa na kiatu cha kizamani cha soli bapa, kisha pumzi zao zikapimwa. Kwa Wakenya matokeo yalitawanyika kabisa: mmoja kiatu cha kisasa kilimsaidia kwa asilimia 11.4, mwingine kikamrudisha nyuma kwa asilimia 11.3. Wote hao ni wanaume wa kutisha barabarani, na kiatu kilichomfaa huyu kilikuwa mzigo kwa yule. Basi kijana wa Nyarusange anayeniambia, "Mwalimu, nataka kile anachovaa Kipchoge," namjibu kwamba kwanza tuujue mguu wake.

Na huyo Kipchoge mwenyewe, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, aliwahi kusalitiwa na kiatu. Septemba 2015, marathoni ya Berlin: soli za ndani zilibanduka mapema, zikaanza kujitokeza kisigino, zikawa zinapepea nje ya kiatu mguu wa kushoto na wa kulia mpaka mwisho wa mbio. Alishinda kwa 2:04:00, miguu ikiwa na vidonda. Kila mtu husifu uvumilivu wake, nami nausifu. Ila kocha akiitazama picha ile anaona gundi. Soli ya ndani ya kiatu cha mashindano ishikwe vidole, ivutwe, ijaribiwe ikiwa kavu na ikiwa imelowa jasho. Ikinyanyuka, fundi viatu wa sokoni anaibandika kwa dakika chache, na hiyo ni kazi ya wiki iliyotangulia mbio. Asubuhi ya mbio umechelewa.

Sasa tufike sokoni, maana ndipo viatu vyetu vinapotoka. Marobota yanapanda kutoka bandari ya Dar es Salaam, yanavuka Kobero, yanapita Muyinga, yanafunguliwa mnadani. Humo ndani mna viatu vilivyokimbia London, vilivyotembezwa na mzee wa Ubelgiji asubuhi na mbwa wake, na vilivyokaa kabatini miaka sita bila kuguswa. Vyote vimeoshwa, vimepigwa brashi, vinang'aa. Kununua kwa kung'aa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kiatu cha mtumba kina historia, na historia hiyo inasomeka.

Anza chini. Igeuze soli uone palipolika. Ikiwa imelika pembeni kwa nje kisigino tu, hilo ni jambo la kawaida kwa binadamu wengi. Ikiwa ya kiatu kimoja imelika kuliko ya mwenzake, mwenye kiatu alikuwa akichechemea, na wewe utarithi mwendo wake. Kisha viweke viatu vyote viwili juu ya meza au ubao ulionyooka, chuchumaa, vitazame kwa nyuma. Kiatu kizima husimama wima. Kilichochoka huinama kwa ndani au kwa nje, na hakuna kuosha kutakakokisimamisha.

Tazama ubavuni, pale kwenye sponji kati ya kitambaa na soli ya chini. Mikunjo midogo midogo kama ya paji la uso wa mzee inaonyesha sponji imebanwa ikachoka. Ibonyeze kwa gumba: sponji hai hurudi mara moja, sponji mfu hubaki na shimo, au imekuwa ngumu haibonyezeki kabisa. Viatu vya mazoezi kwa kawaida huhesabiwa kilomita kati ya 500 na 800. Vile vyepesi vya mashindano huchoka mapema zaidi. Hiki unachokishika hukijui kimekwenda ngapi, lakini gumba lako linaweza kukisia.

Toa soli ya ndani. Hapo ndipo mwenye kiatu wa zamani alipoandika jina lake bila kujua: unaona shimo la kidole gumba, unaona uzito wake ulikokaa. Ingiza mkono ndani ya kiatu hadi mbele kabisa, papasa. Mshono uliochomoza, kitambaa kilichotoboka kisigino, gundi iliyokauka ikawa kama mchanga, vyote hivyo ni malengelenge yanayokusubiri kilomita ya kumi na tano. Mwisho kabisa soma kibandiko kwenye ulimi wa kiatu. Wengi husoma namba tu, 42 au 43. Viwanda vingi huandika pia tarehe ya kutengenezwa, kwa herufi ndogo sana. Kiatu ambacho hakikuvaliwa lakini kina umri wa miaka kumi kina gundi ya miaka kumi, na nimeona soli ikibanduka yote kwa pamoja katika mteremko mmoja.

Kwenye kibandiko hichohicho kuna namba ninayotaka muikariri kuliko zote: ile ya sentimita. Namba za Ulaya, za Uingereza na za Marekani hazilingani, na za wanawake wa Marekani ni tofauti tena na za wanaume. Ndiyo maana binti anauziwa kiatu "namba yake" kinachomteleza kisigino. Sentimita haidanganyi hivyo. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine si kidole gumba, na pima. Fanya hivyo jioni, baada ya kazi, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba kwenye mbio. Pima yote miwili, maana karibu kila mtu ana mmoja mkubwa, na huo mkubwa ndio wa kununuliwa kiatu. Mbele ya kidole pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Muuzaji ataanza kukuambia habari za mguu bapa, kwamba wewe unalalia ndani na unahitaji kiatu cha kukushikilia. Wadenmarki waliwafuatilia watu 927 waliokuwa wanaanza kukimbia, wote wakipewa kiatu cha aina moja cha kawaida, na hawakuona kwamba wenye miguu ya kulalia ndani waliumia zaidi. Kwa hiyo umbo la unyayo wako si ugonjwa unaotafutiwa dawa dukani. Kinachokufaa ni kile ambacho mguu haukilalamikii. Kipimo hicho kinaonekana cha kitoto, lakini wataalamu wa mwendo wamezunguka na mashine zao miaka mingi na wengi wao wamerudi hapohapo.

Kuhusu kukimbia pekupeku nitasema machache, kwa kuwa kila mgeni anayekuja kwetu huulizia. Mwaka 2010 mtafiti Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu pia wakimbiaji wa Kenya waliokulia pekupeku, wakaonyesha kwamba wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, tofauti na waliokulia kwenye viatu. Watu wa Ulaya na Marekani wakavua raba zao kwa shangwe. Baadaye watafiti wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hawavai viatu, wakakuta wengi wanatua kwa kisigino wakiwa kwenye mwendo wao wa kawaida. Hivyo mambo si mepesi. Na hakuna katika mabishano hayo aliyetaja funza wala vipande vya chupa, vitu ambavyo mzazi wa hapa anavijua vizuri. Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu kwa sababu vilivyobaki havikumkaa, na alikuwa amezoea kufanya mazoezi hivyo. Alivijaribu, akavikataa, akachagua alichokijua. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena, kwa kasi zaidi.

Sasa kiatu umekipata, umekisoma, kimekukaa. Kukijaribu ndiko kazi iliko, na wengi hukijaribu kwa kukimbia hatua ishirini mbele ya duka.

Mimi hufanya hivi. Natafuta kipande cha njia cha kilomita moja, kisicho na mawe mengi, kinachopanda kidogo na kushuka kidogo. Mkimbiaji anapasha moto vizuri. Kisha anakimbia kipande hicho mara nne kwa juhudi ileile, si kwa mashindano: mara ya kwanza kwa kiatu cha zamani, ya pili na ya tatu kwa kipya, ya nne kwa cha zamani tena. Mpangilio huo una sababu. Ukianza na cha zamani mara mbili kisha kipya mara mbili, uchovu wote unakiangukia kipya, nawe utakilaumu bure. Mwenzake anashika saa, na kila akimaliza anahesabu mapigo ya shingoni kwa sekunde 15. Siku nyingine tunarudia, safari hii tukianza na kipya.

Lazima mjue mipaka ya jaribio hili, la sivyo mtajidanganya. Mtu anayekimbia kilomita kwa dakika 3 na sekunde 20 anatumia sekunde 200. Asilimia moja ya hapo ni sekunde 2. Usingizi mbaya wa jana unakula sekunde 2. Upepo unakula. Hata furaha ya kuvaa kitu kipya inatoa sekunde 2, kisha inaisha wiki ya pili. Kwa hiyo saa yetu ya mkononi haiwezi kukwambia kwamba kiatu hiki ni bora kidogo kuliko kile. Inachoweza ni kukuonyesha kiatu kibaya. Kama mapigo yanapanda na muda unaongezeka kila mara unapokivaa, kiache, hata kama kina nembo ya kufa mtu ubavuni.

Baada ya hapo ndipo mbio ndefu, na ndipo mteremko. Wazungu hujaribu viatu kwenye lami tambarare. Sisi tuna milima ya Kirimiro, ambako hakuna kilomita iliyolala. Kupanda hakukisumbui sana kiatu. Kushuka ndiko kunakokisema. Mguu mzima unateleza mbele, vidole vinagonga, kesho yake kucha nyeusi. Hapa kuna kitu kidogo ambacho wakimbiaji wengi wanacho lakini hawakitumii: yale matundu mawili ya mwisho juu kabisa, karibu na kifundo, yaliyokaa nyuma kidogo ya mstari wa mengine. Pitisha kamba kutoka nje kuingia ndani kwenye tundu la upande uleule ili uache kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha kamba ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kinakaa. Fungeni leo mkirudi nyumbani, mshuke mlima mmoja, mtaniambia.

Kisha kuna udongo. Mvua ikinyesha udongo wetu mwekundu hushika soli na haupendi kuachia. Inajulikana kwamba kila gramu 100 za ziada kwenye kiatu huongeza gharama ya kukimbia kwa karibu asilimia moja. Mtu hununua kiatu chepesi kwa bei kubwa ili apunguze gramu 50, halafu anakwenda mbio za nyika Machi na soli yenye mifereji ya kina inayobeba tope mara mbili ya hizo. Kwa ardhi yetu wakati wa mvua chagua soli yenye meno machache yaliyoachana, tope lipate pa kutokea. Ukienda kujaribu, jaribu siku ya mvua. Kiatu kilichojaribiwa Julai kimejaribiwa nusu.

Nirudi kwenye kanuni, kwa kuwa kuna wenzenu wanaotarajia kuvuka mpaka mwakani. Barabarani ni milimita 40 na bamba moja tu. Uwanjani, tangu Novemba 2024, soli isizidi milimita 20 kwa mbio zote, kuanzia za kasi hadi mita 10,000. Maana yake kile kiatu kinene cha barabarani, ambacho ndugu yako aliyeko Ulaya amekutumia kwa upendo mkubwa, hakiruhusiwi kwenye mita 10,000 za uwanjani hata kama ndicho kiatu pekee ulicho nacho. Katika mashindano ya komini hakuna atakayepima, na ndiyo hatari yenyewe, kwa kuwa unazoea mpaka siku unapokutana na anayepima. World Athletics ina orodha ya viatu vilivyoidhinishwa, inapatikana bure kwenye intaneti. Mwenye simu amtazamie asiye nayo. Na kanuni haiangalii kipaji: Francine Niyonsaba, msichana wa Ruyigi aliyetuletea medali ya fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016, alihamia mbio ndefu baada ya kanuni za homoni kumfungia njia ya mita 800. Kwenye Olimpiki ya Tokyo akaondolewa kwenye mchujo wa mita 5000 kwa kukanyaga nje ya mstari wake. Siku chache baadaye akawa wa tano kwenye mita 10,000, na mwezi uliofuata, Septemba 2021, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 kule Zagreb kwa 5:21.56. Mguu wenye uwezo huo wote ulisimamishwa na mstari mweupe wa rangi. Milimita za soli ni mstari wa aina hiyo.

Kwa wale watakaobahatika kupata kiatu cha bamba la kaboni, neno la tahadhari. Mwaka 2023 madaktari waliandika habari za wanariadha watano waliopata ufa kwenye mfupa mmoja wa katikati ya unyayo, nao walikuwa wakitumia viatu vya namna hiyo. Watano ni wachache mno kutoa hukumu, wala sitaki mkiogope. Lakini bamba linabadilisha mahali mzigo unapokaa, na mguu uliokulia kwenye ndala na katambuga unahitaji muda. Kivae mara moja kwa wiki, katika mazoezi ya kasi tu, kwa wiki kadhaa kabla ya mbio. Maumivu ya juu ya unyayo yasiyoisha usiku kucha ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali, si ya kufunga kitambaa na kuendelea. Mkumbuke pia baadhi ya viatu hivi havikutengenezwa vidumu. Kile alichovaa Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia 2:11:53 Berlin mwaka 2023 kilikuwa na gramu 138, kiliuzwa dola 500, na watengenezaji wenyewe walisema ni cha marathoni moja pamoja na muda wa kukizoea. Kikifika mnadani kwetu kitakuwa kimeshamaliza maisha yake.

Utunzaji sitauchelewesha. Kiatu kilicholowa kijazwe magazeti, kiwekwe kivulini penye hewa. Kamwe kisianikwe kando ya jiko la mkaa, wala kwenye bati juani. Joto linaua gundi na kukausha sponji. Mmenisikia, akina mama, kwa sababu najua nani huvianika.

Jambo moja linaniudhi katika timu zetu, na nitalisema hapa mbele ya walimu. Vinapokuja viatu vya msaada, kikiwa kizuri hupewa mwenye kasi kuliko wote, cha pili wa pili, na kuendelea hivyo mpaka mtoto wa mwisho anapata kilichobaki, hata kama ni kikubwa kwa sentimita mbili. Huo ni ugawaji wa tuzo. Pimeni miguu kwanza, andikeni sentimita za kila mtoto kwenye daftari, viatu vikija mgawe kwa sentimita. Daftari hilohilo liwe na ukurasa wa kila jozi: siku ilipoingia, nani anaivaa, kilomita za kila wiki kwa kukadiria. Gharama yake ni kalamu.

Nimeshaona mkono umenyanyuliwa pale nyuma, na swali nalijua kwa kuwa huulizwa kila mahali: mwenye jozi moja afanye nini? Watafiti wa Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, wakaona waliobadilishana jozi zaidi ya moja waliumia kwa asilimia 39 pungufu kuliko wa jozi moja. Sababu yaelekea ni kwamba kila kiatu kinaukalia mguu mahali tofauti, kwa hiyo hakuna sehemu inayopigwa kila siku. Kama huna jozi ya pili, badilisha ardhi. Siku ya mwendo wa pole nenda kwenye nyasi za uwanja wa shule au njia ya udongo laini kati ya mikalitusi. Siku ya kasi ndiyo uende barabarani. Kwa umbali wa kwenda shule na sokoni vaa ndala, kiatu cha mbio kipumzike, maana kutembea nako kunaitafuna soli. Na kama wewe na ndugu yako mna sentimita sawa na kila mmoja ana jozi yake ya aina tofauti, badilishaneni Jumanne na Ijumaa, kila mmoja akibaki na soli yake ya ndani. Mnatoka nyumba moja, jozi mbili zimeshapatikana.